Askari wa Bustani Wasiodai Mshahara

Ndugu msomaji, kama una kijibustani nyuma ya nyumba yako, iwe ni matuta mawili ya mchicha, mashina kumi ya sukuma wiki au nyanya chache zilizojiotea karibu na bomba la maji, basi makala haya ni yako. Na kama huna hata kopo la kupandia giligilani, usiugeuze ukurasa upesi. Mboga unayoinunua sokoni jioni utokapo kazini nayo imetoka katika bustani ya mtu, na yaliyotendeka katika bustani hiyo huingia katika chungu chako.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana atakaye kumwonya mwenzake hana budi kwanza akiri alipojikwaa.

Miaka michache iliyopita, mvua za vuli zilipokwisha, sukuma wiki zangu ziliingiwa na vidukari, wale wadudu wadogo wa kijivu ambao watu wengine huwaita wadudu mafuta. Majani yalijikunja, yakawa yananata kwa majimaji matamu wanayoyatoa. Juu ya majani yayo hayo niliona wadudu wengine, wakubwa kidogo, weusi wenye madoa ya rangi ya chungwa, wanatambaa mfano wa mamba wadogo. Nikaamini kwamba hao ndio wakuu wa genge. Nikawaponda kwa vidole, mmoja mmoja, hata wakaisha.

Kesho yake nilikwenda kununua dawa. Niliuziwa dawa iliyopimwa katika chupa ya soda, isiyo na karatasi wala maandishi. Muuzaji aliniambia nitie kizibo kimoja katika ndoo ya maji. Nami, kwa haraka yangu, nikatia viwili.

Siku ya pili baada ya kunyunyiza, mtoto wetu mdogo, wa miaka minne wakati huo, alichuma nyanya mbivu iliyokuwa jirani na tuta la sukuma wiki, akaila bila kuiosha. Ilipofika magharibi akaanza kutapika, akatokwa na mate na jasho jingi. Tulimkimbiza hospitali mimi na mama yake. Daktari aliyetupokea aliuliza swali moja tu: "Ni dawa gani?" Nikamwonyesha ile chupa ya soda. Haikuwa na jina. Mimi, mtu ninayepata riziki kwa kuwauliza watu maswali, sikuwa na jibu la swali hilo moja.

Mwenyezi Mungu alitujalia. Kulipopambazuka mtoto aliomba uji. Lakini usiku ule mimi na mama yake hatutausahau. Na baada ya yapata juma mbili, ndugu msomaji, vidukari walirudi katika bustani yangu, wengi kuliko wale wa kwanza.

Jirani yetu, bibi mmoja mzaliwa wa Unguja, alikuja kutupa pole. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akainama kutazama matuta. Nikamsimulia habari ya wale "mamba" weusi niliowaponda. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu," akasema, "hao ndio waliokuwa wakikulindia. Umewafukuza askari, ukawaachia wezi nyumba."

ADUI NA ASKARI

Maneno ya bibi yule yalinifanya niwaendee mabwana shamba na kufungua vitabu. Nikakuta kwamba alisema kweli tupu. Wale "mamba" weusi ni watoto wa mbawakawa mdogo wa mviringo, mwekundu au wa rangi ya chungwa mwenye madoa meusi, ambaye watoto wetu hupenda kumchezea mkononi. Mkubwa wake tunamfahamu na tunamwona mzuri. Mtoto wake hafanani naye hata kidogo, na kwa sababu hiyo tunamwua. Kumbe wote wawili, mkubwa na mdogo, chakula chao ni vidukari. Mmoja huweza kula makumi ya vidukari kwa siku.

Sasa tutazame hesabu. Kidukari jike hahitaji dume ili azae. Huzaa watoto walio hai, wala hatagi mayai ya kungojewa yaanguliwe, na katika joto la pwani yetu mtoto huyo naye huanza kuzaa baada ya yapata juma moja. Mbawakawa, kwa upande wake, huhitaji takriban majuma matatu au zaidi kutoka yai hadi kuwa mkubwa. Unaponyunyiza sumu kali isiyochagua, wote hufa, adui na askari. Lakini hawafi wote kabisa. Vidukari wachache hubaki katika mikunjo ya majani, ambamo dawa haikufika. Hao huanza kuzaa siku iyo hiyo, nao sasa hawana wa kuwala. Askari hawezi kurudi mpaka chakula chake kiwe kingi tena. Katika nafasi hiyo ya majuma mawili matatu, bustani ni ya adui peke yake.

Liko na jambo la pili. Wale wachache waliopona huenda walipona kwa kuwa miili yao inaihimili sumu ile, na watoto wao hurithi uwezo huo. Nondo mdogo wa kabichi, ambaye viwavi wake wa kijani hutoboa majani yakawa kama chujio, ni mfano unaojulikana duniani kote. Katika miaka ya 1950, kisiwani Java huko Indonesia, ilionekana kwamba dawa ya DDT haikuwa ikimwua tena. Tangu hapo ameishinda dawa moja baada ya nyingine. Mkulima huongeza kipimo, kisha hubadilisha dawa, kisha huchanganya mbili kwa pamoja, na gharama yote hiyo mwishowe humfikia mlaji.

WALINZI WA AINA TATU

Askari wa bustani wako wa aina tatu. Yafaa kila mwenye jembe awatambue kwa sura.

Wa kwanza ni wawindaji. Hawa hukamata na kula. Mbali na mbawakawa wa madoa, yuko buibui, yuko vunjajungu, yuko mjusi na yuko chura anayejificha chini ya ndoo mchana akatoka kuwinda usiku. Yuko pia nzi mmoja mwenye milia ya manjano aelezaye hewani juu ya maua bila kutikisika. Yeye mwenyewe hunywa asali ya maua, lakini watoto wake, mfano wa vifunza, hula vidukari kwa pupa.

Wa pili ni nyigu wadogo sana, wengine wadogo kuliko punje ya ulezi. Hawa hawamwumi binadamu. Nyigu huyu hutaga yai lake ndani ya mwili wa kidukari au kiwavi. Mtoto wake huanguliwa humo humo, akaishi kama mpangaji asiyelipa kodi, akamla mwenye nyumba kutoka ndani. Ukigeuza jani la sukuma wiki ukaona kidukari aliyevimba, mkavu, wa rangi ya shaba, ana tundu la duara mgongoni, ujue nyigu amekwisha kutoka na kwenda kutafuta wengine. Jani hilo usilichome moto. Liache bustanini, maana huenda wenzake bado wamo.

Wa tatu ni maradhi ya wadudu wenyewe. Wadudu nao huugua, ndugu msomaji. Mwaka 1901 huko Japani, mtaalamu Ishiwata alichunguza ugonjwa uliokuwa ukiua viwavi wa hariri, akakuta unasababishwa na bakteria. Mwaka 1911 Mjerumani Berliner alimweleza bakteria huyo kutokana na viwavi wa nondo wa unga waliotoka jimbo la Thuringia, naye akaitwa Bacillus thuringiensis. Kufikia mwaka 1938 bakteria huyo alikuwa akiuzwa nchini Ufaransa kama dawa ya viwavi. Hadi leo anauzwa, akiwa unga au maji. Kiwavi akila jani lililonyunyiziwa, tumbo lake huharibika, huacha kula, na baada ya siku chache hufa. Mbawakawa wa madoa hadhuriki, wala nyuki hadhuriki. Lakini jua kali humharibu bakteria huyo upesi, kwa hiyo hunyunyizwa jioni. Naye pia asitegemewe peke yake kila juma, kwa kuwa yule nondo wa kabichi, huko Hawaii, alikwisha kujifunza kumhimili hata yeye.

SI JAMBO GENI KWETU

Yamkini utasema kwamba haya ni mambo ya vitabu vya Wazungu. Hasha. Muulize mtu wa Unguja au wa Mafia habari za maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mti kwa nyuzi za hariri zitokazo kwa watoto wao. Mpanda mnazi huwalaani, maana wanauma. Lakini katika miaka ya 1950 mtaalamu M. J. Way, aliyefanya kazi Unguja, alionyesha kwamba mnazi wenye maji moto huepukana na mdudu anayefyonza vidaka vikapukutika kabla ya kukomaa. Chungu hao humfukuza. Kwa hiyo yule aliyemng'ata mkwezi ndiye aliyemlindia nazi.

Mfano mkubwa zaidi unahusu mboga ambayo hapana nyumba ya kwetu isiyoijua, nayo ni kisamvu. Mapema katika miaka ya 1970 alionekana nchini Kongo mdudu mdogo mwenye unga mweupe mwilini, aliyekuja kutoka Amerika ya Kusini. Alifyonza vichipukizi vya muhogo vikadumaa na kujikunja kama ngumi. Kisamvu kikakosekana, na mihogo ikawa myembamba. Katika muda wa miaka michache alienea nchi kwa nchi barani Afrika. Dawa isingefaa, kwani ni mkulima gani mdogo angeweza kununua dawa ya kunyunyizia mihogo yake yote?

Wataalamu wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto, iliyoko Ibadan, Nigeria, walijiuliza swali la busara: huko alikotoka mdudu huyu, mbona hasumbui? Bila shaka yuko anayemla. Wakamtafuta. Mwaka 1981 huko Paraguay akapatikana nyigu mdogo, Anagyrus lopezi. Alichunguzwa kwanza, ikathibitika kwamba hatageukia mimea wala wadudu wengine wenye faida, na mwaka uo huo akaachiliwa nchini Nigeria. Baada ya hapo alifugwa kwa wingi na kuachiliwa katika nchi nyingine nyingi za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Katika sehemu nyingi mdudu wa unga alipungua hata akawa si tishio. Kiongozi wa kazi hiyo, Hans Herren kutoka Uswisi, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Mkulima wa muhogo hakulipa hata senti moja, na wengi hawajui hadi leo nani aliyewaokolea kisamvu chao.

Kwa upande wa kabichi, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, kilimleta kutoka Taiwan nyigu aitwaye Diadegma semiclausum, adui wa yule nondo asiyesikia dawa. Mwaka 2002 aliachiliwa katika milima ya Taita na huko Limuru nchini Kenya, na baadaye akafikishwa Tanzania na Uganda. Katika nyanda za baridi alijenga makao, na nondo wakapungua. Lakini nyigu huyo hapendi joto. Kwa sehemu za joto alihitajika mwingine, Cotesia vestalis, aliyetoka Afrika Kusini. Hapo twajifunza kwamba askari hupangiwa kituo kinachomfaa.

Na vita bado havijaisha. Mwaka 2014 iligunduliwa nchini Tanzania kwamba ameingia kantangaze, nondo mdogo wa nyanya, naye pia asili yake ni Amerika ya Kusini. Viwavi wake huchimba ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, wakaingia hata ndani ya tunda, ambamo dawa haiwapati. Jina hilo wamempa wakulima wenyewe: nenda ukanitangaze! Dhidi yake ICIPE ilimleta nyigu mwingine kutoka Peru. Njia ni ile ile, kumtafuta anayemjua adui nyumbani kwake.

UDONGO NAO UNA WALINZI

Magonjwa ya mboga yana habari yake. Umepata kuona miche ya nyanya iliyoota vizuri, kisha asubuhi moja ukaikuta imelala, shina limenywea pale linapogusana na udongo? Huo ni ugonjwa wa kinyausi, unaoletwa na kuvu wa udongoni. Lakini katika udongo ulio hai wamo kuvu wengine wanaowala wale wa kwanza. Mmoja wao aitwa Trichoderma. Hujizungusha juu ya nyuzi za kuvu mbaya kama mtambaazi juu ya mti, akamfyonza. Siku hizi hufugwa na kuuzwa kwa ajili ya kutibu udongo wa kitalu.

Hata usipomnunua, unaweza kuwakaribisha walinzi wa namna hiyo kwa mboji iliyoiva vyema. Udongo unaolishwa mboji huwa na wakazi wengi, na penye wakazi wengi mhuni mmoja hatawali mtaa. Udongo uliochoka, usiopata ila chumvi ya mbolea ya dukani mwaka hata mwaka, hubaki mtupu, na mtupu humilikiwa na wa kwanza kufika.

UFANYE NINI?

Kwanza, tazama kabla ya kutenda. Kila siku mbili tatu zunguka bustani asubuhi, ugeuze majani. Ukiona vidukari, watafute pia mbawakawa, watoto wake weusi, na vidukari wa rangi ya shaba wenye tundu. Ukiwakuta walinzi, subiri juma moja. Vidukari wachache wanaweza kuoshwa kwa maji yenye nguvu au kupanguswa kwa kidole. Ni lazima wabaki kidogo, kwa sababu askari asiye na posho huhama.

Pili, waangalie sisimizi. Kwenye sukuma wiki, sisimizi wanaopanda na kushuka shina si wageni wa heri. Wao hunywa yale majimaji matamu ya vidukari na, kama mchungaji na mbuzi wake, huwafukuza mbawakawa wanaotaka kuwala. Weka duara la majivu makavu kuzunguka shina, na ulirudie baada ya mvua.

Tatu, acha maua. Nyigu wakubwa hunywa asali ya maua madogo ndipo wapate nguvu ya kutafuta viwavi. Acha giligilani chache zitoe maua pembezoni mwa bustani. Gharama yake ni mbegu ya kiganja kimoja.

Nne, badilisha zao. Tuta lililokuwa na nyanya lisipandwe tena nyanya, biringanya wala pilipili msimu ufuatao, kwa kuwa wote hao ni ukoo mmoja na maradhi yao ni mamoja. Weka mchicha au mahindi.

Tano, ikiwa huna budi kutumia dawa, basi iwe dawa yenye jina. Nunua iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, katika chombo chake cha asili chenye maandishi. Soma ni siku ngapi za kungoja kabla ya kuvuna, na uzingoje. Mchicha huvunwa majuma matatu au manne baada ya kupandwa, na tunachokula ni lile lile jani lililonyunyiziwa. Usitie vizibo viwili palipoandikwa kimoja. Kamwe usiweke dawa katika chupa ya soda, maana mtoto akiona chupa ya soda hufikiri soda. Na likitokea la kutokea, nenda hospitali ukiwa na chombo chenye jina mkononi, ili daktari asikuulize swali nililoulizwa mimi.

TUSIDANGANYANE

Sitaki nikuahidi miujiza, ndugu msomaji. Walinzi hawa hawaimalizi kazi kwa siku moja, na jani lako litakuwa na tundu hapa na pale. Mlaji wa mjini amezoea kuchagua sokoni jani lisilo na doa. Huenda imetupasa tulitazame tundu dogo kwa jicho jingine: pale kiwavi amekula, naye hakufa. Mkulima mwenye ekari kadhaa ana hesabu zake, na wakati mwingine atahitaji dawa. Lakini hata yeye, akijua ni nani yuko upande wake, atanyunyiza mara chache na kwa kipimo.

Tangu mwaka ule sijanunua tena chupa isiyo na jina. Vidukari huja kila vuli, na kila mara mimi huona hofu ile ile ikinijia, mkono ukitaka kuponda. Nikangoja siku tano, sita. Mwanangu ambaye alikula nyanya ile sasa anasoma shule ya msingi, na ndiye mkaguzi wa matuta. Jumapili iliyopita aliniita kwa sauti, nikatoka mbio nikidhani kuna nyoka. Alikuwa amechutama mbele ya sukuma wiki, ameinua jani kwa ncha ya kidole.

"Baba," akasema, "askari wamekuja. Nimewahesabu kumi na mmoja."